Vibanda Vitatu vya Mumoni

Tulimzika Mwalimu Mutua Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake nje kidogo ya Kyuso. Ulipofika wakati wa kusoma historia ya marehemu, mjukuu wake mkubwa alisimama na karatasi mbili akasoma haraka haraka: alipozaliwa, shule alizofundisha kabla ya kuacha ualimu, watoto aliowalea, miaka aliyokuwa mzee wa kanisa. Kuhusu milima ilikuwa sentensi moja tu. "Wakati fulani pia aliwatembeza wageni katika vilima vya Mumoni." Kisha akaendelea na habari za mizinga ya nyuki. Nilikuwa nimekaa chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, magoti yananiuma kwa safari ya kutoka Malili, nikaangalia huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyeguswa na sentensi ile. Hakukuwa na mtu. Musyoka, aliyekuwa akiwaongoza punda wetu, alishafariki zamani. Katika umati ule wote nilikuwa nimebaki mimi peke yangu, na sikuweza kujua kama machozi yaliyonitoka yalikuwa ya Mwalimu au ya mwaka ule mmoja niliomfanyia kazi.

Habari za kwetu, nani alimzaa nani na shamba lilikuwa la ekari ngapi, nitaziacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza fomu ya nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote, na Mwalimu Mutua alikuwa anatafuta mpishi. Alikuwa amepata ruhusa ya kutumia vibanda vitatu vya mawe walivyoviacha wapima ardhi huko juu, akaviezeka mabati mapya, akatandika vitanda vya mbao, na kuanza kuleta watu wa mjini waliotaka kutembea milimani siku nne. Siku ya kwanza unapanda kutoka upande wa Kyuso, unapita mashamba ya ndengu na vichaka vya migunga, unalala Kibanda cha Chini. Siku ya pili unalala Kibanda cha Mwamba. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe: unapanda mpaka kileleni, ambako kuna msitu wenye unyevu na kuvu la kijani kwenye kila gogo, jambo ambalo mtu aliyezoea vumbi letu la chini hawezi kuliamini mpaka aguse. Huko kulikuwa na Kibanda cha Ukungu. Siku ya nne unateremka upande wa pili hadi barabarani. Punda walibeba maji na vyakula mpaka Mwamba tu. Kutoka hapo njia ilikuwa kali mno kwao, kwa hivyo mzigo uligawanywa kati ya Musyoka na mimi, nami niliubeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kichwani, kama tulivyokuwa tukibebea kuni. Mpaka leo nikipitisha kidole juu ya paji la uso nahisi pale ukanda ulipokuwa.

Nikikumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza kinachonijia si uzuri wa milima, ingawa wageni waliusifu mpaka wakatuchosha. Kinachonijia ni vyumba. Kila kibanda kilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Upande mmoja walilala wageni na kulia chakula. Upande mwingine ulikuwa jikoni, mafiga matatu, rafu ya sufuria, na mkeka wangu. Moshi ulipita juu ya ukuta kwenda kwao, na maneno yao yalipita juu ya ukuta kuja kwangu. Nilisikia mengi. Nilisikia mume na mke wakigombana kwa kunong'ona juu ya kiatu. Nilisikia wanafunzi wa chuo wakisema muthokoi wangu, yale mahindi yaliyokobolewa, ulikuwa mgumu kama changarawe, kisha wakaomba tena. Ilikuwa elimu ya namna yake, na niliipata nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiko, macho yamejaa moshi.

Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku moja. Kila jioni, baada ya vyombo kukusanywa, alikuja mlangoni pa jikoni akaniuliza, "Kamene, wamekula?" Haikuwa salamu. Alisema mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo kwamba yuko sawa, lakini sahani yake haiwezi. Mgeni asiyekula alikuwa mgonjwa au alikuwa karibu kuugua, na mgonjwa harudishwi chini kutoka kileleni kwa urahisi. Anarudishwa kutoka Mwamba, ambako kuna njia ya mkato ya saa tatu mpaka Kyuso. Kwa hivyo jibu langu la jioni ya pili ndilo lililoamua kama watu watapanda au watarudi. Nilijua hivyo. Sitaki mtu asome hapa afikiri kwamba sikujua.

Mzee Gathogo alikuja msimu wa baridi, mwezi wa saba. Alikuwa mtu wa upande wa Murang'a, fundi seremala aliyestaafu, mrefu, mikono mikubwa, na alivaa koti la suti hata kwa kupanda mlima. Alifika Kyuso na binti yake Njeri, mwalimu wa shule ya msingi wa miaka kama thelathini hivi. Tulikuwa tunafunga mizigo kwenye punda gari jingine liliposimama, akashuka mwanamume mwenye begi, anayefanana na mzee kwa kila kitu isipokuwa nywele. Njeri alimtazama, akamgeukia babake.

"Baba, huyu anafanya nini hapa?"

"Anatembea," mzee akasema. "Kwani mlima ni wako?"

"Uliniambia nakusindikiza."

"Unanisindikiza. Sikusema utanisindikiza peke yako."

Yule mwanamume, Kariuki, alisimama na begi lake barabarani kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Mimi aliniambia wewe umekataa kuja," akamwambia dadake. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia kwa miaka miwili, na hakujibiwa. Mwalimu Mutua alikohoa, akasema jua halitungoji, tukaanza.

Kilichowatenganisha nilikipata vipande vipande kupitia ukuta wa mbao. Mama yao alikuwa amefariki, na Kariuki, kifungua mimba, hakuja kumzika. Hakutuma habari. Njeri ndiye aliyesimama kaburini mahali pa kaka yake, mbele ya ukoo mzima, na alikuwa ameapa kwamba hatamwita ndugu tena. Jioni ile ya kwanza katika Kibanda cha Chini, nilipowapelekea chapati na ndengu, walikuwa wamekaa pembe tatu za chumba. Njeri alisema, "Baba, mwambie apitishe chumvi." Mzee akamgeukia mwanawe, na chumvi ilikuwa hapo kati yao, mtu angeweza kuifikia kwa mkono, akasema kwa uso mkavu kabisa, "Kariuki, dada yako anaomba chumvi." Kariuki akaipitisha. "Njeri, kaka yako amekupa chumvi." Nilirudi jikoni nikacheka ndani ya leso yangu. Mzee alikuwa anajua anachofanya. Alikuwa amewafungia watoto wake ndani ya mlima.

Siku ya pili alitembea polepole. Mwalimu alimuuliza mara mbili, naye mara mbili alijibu kwamba seremala hakimbilii kitu, anapima kwanza. Tulicheka. Tulifika Mwamba alasiri, mimi nikiwa na kibuyu cha maji cha ziada kwa sababu punda mmoja alikuwa amechubuka bega, na mwili wangu wote ulikuwa unatetemeka. Nilipika uji, nikapika muthokoi na kunde, nikakaanga vitunguu. Watoto walikula. Sahani ya mzee ilirudi kama ilivyoenda.

Nilimkuta nyuma ya kibanda, juu ya jiwe, amevua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka soksi zimeacha mifereji kwenye nyama. Alikuwa na leso mapajani, na ndani ya leso vidonge vya rangi mbili.

"Niletee maji, msichana wangu," akasema. Nikaleta. Alimeza, akakaa ameshika kifua kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

"Mzee, wewe ni mgonjwa."

"Moyo umechoka. Daktari ameniambia. Umechapa kazi miaka sabini, una haki."

"Wale wanajua?"

"Wakijua, tutateremka asubuhi. Yule atapanda gari lake, huyu atapanda gari lake, na mimi nitawaona tena nikiwa kwa sanduku." Alisema bila kunionea huruma, kama anayenieleza vipimo vya mbao. "Leo wamesalimiana. Uliwasikia? Asubuhi, kwa maji. Njeri alimwambia, 'Shika kikombe.' Hakupitia kwangu. Nipe siku mbili, mama. Siku mbili tu."

Aliniita mama. Mtu wa umri wa babu yangu, na mimi sikuwa nimewahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Nililelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo anaitika. Nikaitika. Nikachukua sahani yake jikoni, nikakaa juu ya mkeka, nikala kile chakula chote, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu sahani ilitakiwa kuwa tupu. Mwalimu Mutua alikuja mlangoni kama kawaida yake.

"Kamene, wamekula?"

"Wamekula, Mwalimu."

"Wote?"

"Wote."

Akaangalia sahani, akaenda kulala.

Siku ya tatu tulipanda ndani ya ukungu. Mwalimu alimweka mzee katikati, Kariuki mbele yake na Njeri nyuma, na penye miamba Kariuki alimvuta mkono huku Njeri akimsukuma kiuno, nao wakalazimika kusemezana: shika hapo, ngoja, sasa, mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nyuma na mzigo wangu. Kila mzee aliposimama nilisimama. Nilihesabu pumzi zake kwa kusikia. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara mbili Mwalimu alikuwa mbali, ukungu umemmeza, nami nikaona afadhali tufike kwanza.

Kibanda cha Ukungu kilikuwa na baridi ambayo watu wa Kyuso hawaijui. Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati bila mvua. Niliwapikia supu ya nyama ya mbuzi iliyokaushwa, yenye pilipili, na mzee alikunywa nusu kikombe. Halafu nikakaa upande wangu, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Nilisikia Kariuki anaongea. Kwa muda mrefu aliongea yeye peke yake, kwa sauti ya chini, na nilidhani anasali.

"Nilikuja," alikuwa anasema. "Mlidhani sikuja. Nilifika mpaka kwa geti. Nilishuka stendi, nikatembea mpaka kwa geti, nikaona watu wamejaa. Halafu nikamwona mama amesimama karibu na tangi la maji, amenipa mgongo. Ile sweta yake ya kijani."

"Nilijua amekufa," akaendelea. "Lakini nilimwona. Nikashindwa kuingia. Kama ningeingia ageuke na awe si yeye... Nikarudi stendi. Nikapanda gari. Hivyo tu. Sina maneno mengine."

"Ilikuwa mimi," Njeri akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kulikuwa na baridi asubuhi. Nilichukua sweta ya mama. Ilikuwa mimi, Kariuki."

"Najua. Baadaye nilijua."

"Ungeita tu! Ungeita jina langu, ningegeuka!"

Kisha Njeri akalia, Kariuki naye akalia, na baada ya muda nilisikia kitu ambacho sikukitegemea: Njeri alikuwa anacheka huku akilia, anamwambia kwamba sweta ile ilikuwa inawasha, kwamba alijikuna kaburini mbele ya mchungaji na watu wakafikiri ni uchungu umemshika. Mzee nilimsikia tu akipumua. Nilikaa gizani upande wangu nikijiambia kwamba nimefanya vizuri, kwamba hii ndiyo sababu nilinyamaza. Nimejiambia hivyo mara nyingi maishani. Ni jambo zuri kujiambia, kwa sababu sehemu yake ni kweli.

Asubuhi ya nne, chini kidogo ya msitu, mzee alikaa katikati ya njia. Hakuanguka. Alikaa tu, taratibu, kama mtu aliyeona kiti. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Njeri alimfungua koti, na leso ikaanguka, vidonge vikatawanyika kwenye majani.

"Hizi ni nini? Baba, hizi dawa ni za nini?"

"Za moyo," nikasema.

Sikufikiri. Nilikuwa nimeinama kuviokota, na jibu likatoka kama mtu akiulizwa chumvi iko wapi. Nilipoinua uso wote wanne walikuwa wananitazama: Njeri, Kariuki, Musyoka na Mwalimu.

"Wewe umejuaje?" Njeri akauliza.

Ningeweza kusema nilikisia. Nilikuwa nimebeba ule uongo siku mbili na sikuwa na nguvu ya kuanza mwingine. "Aliniambia Mwamba. Aliniomba ninyamaze."

Mwalimu Mutua hakunikemea. Alimaliza maneno yote kwa kuanza kazi: alikata miti miwili, akafunga mablanketi, akatengeneza machela. Wanaume watatu walimbeba, kila mmoja pembe yake, na Njeri alishika pembe ya nne njia yote, hakukubali mtu ampokee. Ilituchukua kutwa. Njeri hakuniangalia. Mara moja tu, tulipopumzika kwenye kijito kikavu, mzee alifumbua macho akaona watoto wake wote wawili wameinama juu yake, Kariuki amemkinga jua kwa begi, Njeri anamlowesha midomo, akasema kitu kwa Kikikuyu ambacho sikukielewa. Wote wawili wakaitikia pamoja. Barabarani tulimsimamisha mfanyabiashara aliyebeba magunia ya ndengu kwenye gari lake, wakampakia mzee juu ya magunia, wakaenda naye. Mimi na Musyoka tulibaki na sufuria.

Mwalimu alirudi siku ya tatu. Nilikuwa nasugua vyombo nyumbani kwake. Alivuta kigoda akakaa, akavua kofia.

"Yuko hospitali. Bado anaongea," akasema. Kisha akaendelea: "Kamene, mimi nilikuwa nakuuliza kila jioni. Unafikiri nilikuwa nauliza kwa nini?"

"Najua, Mwalimu."

"Mtu akinificha ugonjwa huko juu, siwezi kupanda naye tena. Si hasira. Siwezi tu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya."

Alinilipa haki yangu, akanipa na mtungi wa asali niwapelekee watu wa nyumbani. Mzee Gathogo aliishi siku tisa baada ya kufikishwa hospitalini. Hilo nililipata kwa Musyoka. Safari za milimani ziliendelea mpaka mwaka uliofuata na mpishi mwingine, halafu ukame ukaja, punda wakafa, wageni wakapungua, na upepo ukang'oa mabati ya Kibanda cha Ukungu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikutana na Mwalimu sokoni Kyuso kila niliporudi kwetu. Alinisalimia vizuri kila mara. Aliuliza watoto, aliuliza biashara, aliniombea mema. Hakutaja mlima hata siku moja. Nilikuwa nikitoka kwenye salamu zile nimechoka kuliko mtu aliyepanda kilima, na nilikuwa natamani siku moja angenipigia kelele. Sasa amezikwa na adabu yake.

Baada ya kuachishwa kazi nilishuka Malili, nikapata kazi katika hoteli ndogo ya barabarani, hizi zenye meza nne na karai la mandazi mlangoni. Madereva wa malori walikuja, wakala, wakaenda. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimewahi kufika mahali pa kijani. Nilisimama kutoka alfajiri mpaka magharibi, na nilishukuru kusimama, kwa sababu nilipokaa nilifikiri.

Walikuja mwezi wa kumi na mbili, adhuhuri, hoteli imejaa. Njeri aliingia kwanza. Alikuwa amekonda. Alisimama kati ya meza akanitazama mpaka nikaweka chini sinia niliyokuwa nimeibeba.

"Musyoka alituambia uko hapa," akasema. "Tunaenda Mombasa. Kariuki amepata kazi huko, namsindikiza."

Kariuki alikuwa nyuma yake. Alinisalimia kwa mkono. Niliwapa meza ya pembeni, nikawaletea ugali na nyama ya kuchemsha bila kuwauliza wanataka nini, kwa kuwa sikuweza kufikiri kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Njeri hakugusa.

"Nataka nikuambie kitu, na sitaki unijibu haraka," akasema. "Zile siku mbili zilikuwa zangu. Baba alikuwa anakufa na mimi nilikuwa nyuma yake namsukuma. Namsukuma, Kamene. Ningejua, nisingemsukuma. Ningemwambia mambo. Wewe na yeye mlikaa mkaamua mimi nisijue."

"Na ungejua tungerudi chini," Kariuki akasema. "Tumeongea haya tangu Thika."

"Kwa hivyo turudi!"

"Turudi, halafu? Mimi ningepanda gari langu. Unajua ningepanda. Huyu msichana ndiye ametufanya tuko hapa tunagombana."

"Huyu msichana alikuwa na miaka kumi na tisa na baba alimpa mzigo wake abebe. Wewe unamfanya malaika. Hakuwa malaika."

"Wewe unamfanya mwuaji."

"Sikusema hivyo! Kamene, nimesema hivyo?"

Watu wa meza nyingine walikuwa wamegeuka. Nilisimama pale na kitambaa cha meza mkononi nikiwasikiliza wakivutana juu yangu, wakikatana maneno, kila mmoja akijua mwenzake atasema nini kabla hajamaliza. Kariuki aliniuliza, kwa upole, kama wakili anayemwita shahidi wake: "Mwambie. Ulinyamaza kwa sababu uliona tunaanza kuongea. Si ndiyo?"

Ningeitikia tu. Lilikuwa jibu zuri, na mwenyewe alikuwa amenipa. Njeri alikuwa ananitazama, na niliona kwamba hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka, amechoka vile mtu anavyochoka kwa kubeba kitu asichojua ukubwa wake.

"Hiyo ilikuwepo," nikasema. "Lakini kuna nyingine. Jioni ile Mwamba, kama ningesema, tungekesha tukifunga mizigo tuteremke nayo yote asubuhi, halafu wiki ijayo tupande tena na wageni wengine. Miguu ilikuwa inaniuma. Kibuyu kilikuwa kimenichubua bega. Nilikuwa nataka tu kulala. Niliambiwa ninyamaze, na kunyamaza ndiko kulikuwa rahisi. Nilikuwa nimechoka, dada Njeri. Hivyo tu. Nilikula chakula cha baba yako nikalala."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote maneno hayo, na baada ya siku ile sikuyasema tena mpaka leo ninapoyaandika. Kariuki aliangalia meza. Nadhani nilimharibia kitu. Lori likapita nje na vikombe vikagongana kwenye rafu, kisha Njeri akashusha pumzi mpaka mabega yake yakashuka.

"Hiyo naweza kuamini," akasema.

Akavuta sahani karibu, akanawa mikono, akamega ugali. Alikula polepole, akala wote, na Kariuki akaanza kula naye. Walipomaliza waliniaga kwa mkono, wote wawili. Sikuwaona tena. Nilikusanya sahani zao nikaenda nazo nyuma, nikarudi, na ingawa wateja walikuwa bado wanaita chai kila upande, nilivuta kiti alichokuwa amekalia Njeri, nikakaa.